Kisanduku Chekundu cha Kyuso

"Tai, unanisikia? Mlengwa anakimbilia sokoni. Umemwona?"

Kaveke, aliyeitwa Tai kazini, hakujibu redio. Bastola yake ya Glock ilijibu, mara mbili, na Land Cruiser ikaingia mtaroni na magurudumu yaliyopasuka.

Kessler alitoka akicheka. Mgeni huyu aliuza maji kwa malori, na mradi wa maji wa Kyuso ulikuwa umemharibia biashara. Kaveke alimtia pingu akamuuliza anachocheka. Kessler akamwambia amechelewa kuyaokoa maji.

Kaveke akakimbia hadi chumba cha mitambo cha mradi.

Kumbe kweli.

Laptopu ilikuwa wazi. Kwenye skrini, visanduku vya rangi: pampu, tangi, bomba la soko, vyote vimeungwa kwa mistari. Mradi wote uliendeshwa kwa picha hiyo. Sasa palikuwa na kisanduku kipya chekundu: pipa la sumu ya kusafishia dhahabu, iliyovushwa mpakani kimagendo. Genge la Kessler lilikuwa limekiweka karibu na bomba la soko, na programu, inayoongoza vali zote, ikakiunga yenyewe.

Jamani, ufundi huo alikuwa ameubuni Mutie, mdogo wake Kaveke, fundi wa mradi. Alitaka akina mama wa mwethya, wanaochimba mitaro pamoja kwa zamu, waongeze bomba bila kumngojea. Weka kisanduku karibu, kitajiunga. Alijenga kwa moyo safi, na mashetani wakapitia hapo hapo.

Vali ingefunguka muda si mrefu. Kessler alikuwa amefunga kitufe cha kufuta kwa nywila. Kukata umeme kungeifungua vali papo hapo. Lililowezekana ni kukisogeza kisanduku, nacho kingejiunga na jirani mwingine. Jirani alikuwa mmoja tu: shimo la maji machafu, chini ya mlima.

Genge lilikuwa limemfungia Mutie humo; redio ya mradi mezani ilikuwa ikileta sauti yake akiomba msaada.

Kaveke aliishika, akamweleza yote bila kumficha. Hata kwa boda asingemfikia kwa wakati. Mutie akauliza:

"Foleni ya maji sokoni ni ndefu?"

"Imefika barabarani. Kuna watoto."

"Basi sogeza."

"Mutie, siwezi."

"Sogeza, dada. Mama umwambie sikuogopa."

Alikuwa anaogopa. Sauti yake ilionyesha.

Kaveke alisogeza. Mstari ukajichora wenyewe, bila kuuliza. Redioni Mutie alianza wimbo wa kanisa kwa Kikamba, na hakufika ubeti wa pili. Kaveke alilia kwa sauti, peke yake, mbele ya ile mashine.

"Tai, ripoti."

"Maji ni salama. Kessler tunaye. Tumepoteza mmoja."

Alivaa miwani ya jua, akatoka. Kwenye bomba la soko, Syombua wa mwethya alikuwa amekasirika: maji yamechelewa, na huyo fundi wao amelala wapi leo? Hata hivyo alijaza kikombe akampa Kaveke, maana mgeni hunywa kwanza.

Kaveke alikunywa yote. Akashukuru, akateremka mlima kwenda kumtoa mdogo wake.