Video ya Viatu vya Mwalimu

Kila alasiri baada ya masomo, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye karakana ya mama yake, fundi viatu, akatua mkoba juu ya gunia la vipande vya ngozi, akamwamkia, kisha akaanza kusimulia. Nani kaanguka uwanjani, nani kasahau daftari, paka gani kaingia darasani wakati wa mtihani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na mdomo wake haukuwa na likizo. Chiriku, ndege asiyeacha kulia, lilikuwa jina la utani, na lilimkaa hivi kwamba hata walimu walilitumia.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana na harufu ya gundi. Ukutani zilining'inia kalibu, ile miguu ya mbao ambayo fundi huivalisha ngozi anaposhona kiatu. Kulikuwa na rafu mbili. Ya juu ilikuwa ya viatu vilivyokwisha, ya chini ya vinavyosubiri zamu. Zamani rafu ya chini ilibaki tupu kila Ijumaa. Siku hizi ilifurika mpaka viatu vingine vikahamia sakafuni.

Chanzo kilikuwa simu. Miezi sita nyuma, Chiriku alimshauri mama yake afungue ukurasa mtandaoni ili watu waione kazi yake. Walianza kwa picha moja kila wiki, na kweli, wateja wanne wapya wakaja. Mama akafurahi kama aliyeokota dhahabu. Lakini wafuasi walivyozidi kuongezeka, ndivyo walivyozidi kudai. Picha moja ikawa tatu, picha zikawa video. Mama alipiga msumari mmoja, akachungulia simu. Alipaka gundi, akajibu maoni, na aliporudi gundi ilikuwa imekauka kabla soli haijabandikwa.

"Fundi," muuguzi mmoja mstaafu alimwambia siku moja, akiwa amesimama mlangoni na mfuko mtupu mkononi, "jana nilikuona kwenye simu ya mjukuu wangu ukionyesha namna tano za kufunga kamba. Makubazi yangu je?"

"Kesho, mama. Kesho bila shaka."

"Hata juzi ilikuwa kesho," alisema yule mama, akaondoka zake.

Chiriku alicheka. Mama yake hakucheka, lakini baada ya dakika mbili alikuwa ameinamia simu tena.

Katika siku hizo ndipo alipokuja mwalimu mgeni. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyehamishiwa shule ya akina Chiriku kufundisha hesabu kuanzia Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu, tangu alipovunjika nyonga utotoni. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa na soli nene, nyeusi, iliyonyooka kama tofali. Alipotembea, kilitangulia kusikika kabla yeye hajaonekana.

"Naweza kukupunguzia uzito huu," mama alimwambia akikigeuzageuza kile kiatu. "Kimo kingine nitakificha ndani, chini ya kisigino. Kingine nitakigawa kwenye soli, na kiatu cha kulia nacho nitakiinua kidogo ili vifanane. Nipe wiki mbili."

Kwa kazi ile mama alirudi kuwa fundi wa zamani. Alipima, akachonga gome jepesi la kizibo la kuinua kisigino, akapiga msasa, akapima tena. Chiriku alimshikia taa ya mkono na kushangaa jinsi vidole vile vilivyochakaa vilivyopapasa ngozi kwa upole, utadhani anamvalisha mtoto mchanga.

Ijumaa alasiri mwalimu alikuja kujaribu. Alivaa, akasimama, akavuka chumba kutoka mlangoni hadi dirishani. Hakuchechemea sana, na sakafu haikupiga ule mshindo. Akageuka, akarudi, akavuka tena. Mara ya tatu alikuwa anacheka peke yake, machozi yanamlengalenga.

"Fundi," alisema, "Jumatatu nitaingia darasani na hakuna atakayeangalia miguu yangu."

Chiriku alikuwa amesimama karibu na mlango na simu ya mama mkononi. Alikuwa amerekodi yote: kiatu cha tofali kikivuliwa, vipya vikivaliwa, mwalimu akivuka chumba, na mwisho, kwa nukta chache, uso wake uliolowa machozi. Hakumwomba ruhusa. Kusema kweli, wazo hilo halikumjia kabisa. Aliona tu video nzuri kuliko zote alizowahi kupiga.

Mwalimu alipoondoka, Chiriku alimwonyesha mama. "Niiweke?"

Mama alisita. "Uso unaonekana?"

"Kidogo tu, mama. Tena anafurahi."

Wiki hiyo maoni yalikuwa yamepungua na mama alikuwa hana raha. Aliitazama video mara ya pili, akatabasamu. "Haya, weka."

Asubuhi ya Jumamosi watu elfu kumi na tano walikuwa wameitazama. Mama alisoma maoni kwa sauti huku amesimama, kwa furaha. "Mikono yako ibarikiwe! Umenitoa machozi!" Chiriku aliposhika simu aliendelea kusoma mpaka chini, na huko akakuta mtu ameandika, "Kumbe viatu vya ghorofa vipo!" pamoja na vicheko kibao. Akayapitisha maoni yale haraka kwa kidole, akanyamaza. Kwake yeye, kunyamaza ilikuwa habari kubwa, lakini mama hakugundua.

Jumatatu, mwalimu wa hesabu aliingia darasani amenyooka, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Alisema, "Hamjambo?" Wanafunzi waliitikia. Kisha macho arobaini na kitu yakashuka chini kwa pamoja, yakatua kwenye viatu vyake.

Mwalimu aligeukia ubao kuandika tarehe. Kutoka dawati la nyuma sauti ikanong'ona, "Mwalimu Ghorofa." Darasa likaangua kicheko.

Chaki ikasimama. Mwalimu aligeuka polepole. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomuumiza Chiriku zaidi.

"Mmeyajulia wapi haya?" aliuliza.

Msichana wa mstari wa mbele akajibu, "Kwenye simu, mwalimu. Ukurasa wa mama yake Chiriku. Watu wote wameona."

Mwalimu alimtazama Chiriku. Alimkumbuka, yule mtoto aliyesimama karibu na mlango wa karakana siku ile ya kujaribu viatu. Alimtazama kwa muda ambao Chiriku aliuona kama kipindi kizima, kisha akasema, "Fungueni ukurasa wa kumi na nne."

Siku ya pili yake aliingia na viatu vyake vya zamani. Tofali lilipiga sakafu, ko, ko, kutoka mlangoni hadi ubaoni. Hakuna aliyecheka. Chiriku aliinamisha kichwa juu ya daftari na namba zote zikawa ukungu.

Alasiri hiyo alifika karakana, akakaa juu ya gunia, asiseme neno. Mama alikuwa anapanga taa kwa ajili ya video nyingine.

"Leo vipi? Paka hajaingia darasani?"

Chiriku alilipuka kwa kilio. Akamwambia yote: Mwalimu Ghorofa, kicheko, viatu vya zamani. Na maoni yale ya Jumamosi aliyoyaona na kuyapitisha. "Niliyaona, mama. Ningekwambia siku ile ile tungeyafuta."

Mama alikaa chini taratibu. Alifungua ukurasa, akasoma maoni yote mpaka ya mwisho, kisha akaifuta video. Lakini alipotafuta, aliikuta kwenye kurasa nyingine tatu za watu asiowajua, mmoja akiwa ameiwekea muziki wa kuchekesha. Aliwaandikia mmoja mmoja kuwaomba waiondoe. Mmoja aliondoa. Wawili hawakujibu.

"Nilikuuliza uso unaonekana," mama alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa najua jibu. Nilitaka tu uniambie ninachotaka kusikia. Kosa hili si lako peke yako, mwanangu. Vaa viatu twende."

Mwalimu alikuwa amepanga chumba nyuma ya shule. Walimkuta anasahihisha madaftari mlangoni, akitafuta mwanga. Chiriku alitamka "Shikamoo, mwalimu," kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia.

"Marahaba. Karibuni." Aliwatolea viti viwili, yeye akabaki amesimama.

"Mwalimu," mama alianza, "nimekuja kuomba radhi. Uliniachia mguu wako niutibu, mimi nikautangaza. Nimeifuta, lakini kuna walioichukua. Siwezi kukudanganya kwamba imekwisha."

"Ni mimi niliyerekodi," Chiriku alidakia. "Sikukuomba ruhusa. Nisamehe, mwalimu."

Mwalimu alikalia ukingo wa kizingiti. "Tangu nina miaka sita," alisema, "nimekuwa nikitafuta siku moja tu. Kuingia mahali, watu waanze na uso wangu. Ijumaa ile nilidhani nimeipata." Akakunja kona ya daftari na kuikunjua. "Vile viatu ni vizuri, fundi. Mgongo hauniumi nikivivaa. Lakini nikivivaa sasa wanavichunguza, wanatafuta kilichofichwa. Hivi vya zamani havina cha kutafuta."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Chiriku aliuliza, "Mwalimu, kesho nikiomba dakika moja darasani, utanipa?"

"Ya kusema nini?"

"Ukweli."

Mwalimu alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Dakika moja tu. Nakujua, usije ukanimalizia kipindi." Akatabasamu kidogo.

Kesho yake Chiriku alisimama mbele ya darasa. "Ile video niliirekodi mimi," alisema. "Mwalimu hakujua. Alikuwa anafurahi na mimi nikaiba furaha yake nikaigawa. Kama kuna wa kuchekwa, ni mimi." Alitaka kuongeza mengi, lakini safari hii maneno yaliisha. Akarudi kukaa.

Mvulana wa dawati la nyuma, yule aliyenong'ona siku ile, alijikuna kichwa. Kipindi kilipokwisha, alimbebea mwalimu madaftari hadi ofisini bila kuagizwa. Waliongea nini njiani, hakuna anayejua, ila jina la Ghorofa halikusikika tena. Wiki iliyofuata kulikuwa na jaribio la hesabu za sehemu, na sehemu zilikuwa ngumu kiasi kwamba hakuna aliyebaki na nafasi ya kufikiria viatu. Siku hiyo ndipo mwalimu alipovaa tena vile vipya. Chiriku aligundua kwa sababu hakusikia kitu.

Jumamosi ya wiki hiyo mama alimwita karakana. Rafu ya chini ilikuwa bado imejaa. Muuguzi mstaafu alikuwa ameketi kwenye kigoda, makubazi yake hatimaye miguuni, anayajaribu kwa kuyumba huku na huku.

"Nimefanya hesabu moja," mama alisema. "Watu elfu kumi na tano walitazama video ile. Unajua wangapi walifika hapa karakana?"

"Wangapi?"

"Wawili. Na mmoja alikuwa anauliza kama nauza makasha ya simu."

Muuguzi alicheka mpaka kigoda kikalia. Chiriku naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu video ile.

"Tutafunga ukurasa?" aliuliza.

"Hapana. Wale wateja wanne wa mwanzo uliwaleta wewe na ukurasa wako, sijasahau. Tutaweka picha moja kila Jumamosi, kazi za wiki zikiisha. Picha ya kiatu, si ya mtu. Na kiatu chenyewe, mwenyewe akikubali kabla hatujapiga. Akisema hapana, hatumbembelezi. Siku za kazi, simu italala kwenye droo."

"Na wafuasi wakiondoka?"

Mama aliweka nyundo chini, akamvuta mwanawe karibu, akamfuta vumbi la ngozi shavuni.

"Waache waende. Sikiliza, mwanangu. Mtu akivua viatu mbele yangu, ananionyesha ambacho hata majirani zake hawakijui. Magaga ya kisigino, soksi iliyotoboka, mguu uliovunjika. Ananipa kwa sababu ameniamini, na imani hiyo ndiyo biashara yangu kabla ya ngozi na gundi. Simu ni chombo kama nyundo hii. Ukipiga nayo pasipopaswa, utamuumiza mtu, na maumivu mengine hayafutiki kwa kidole. Kwa hiyo kabla hujaonyesha cha mtu, muulize mwenyewe. Na ukiona umekosea, useme siku hiyo hiyo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi chukua sindano. Viatu kumi na saba vinatungoja, na hakuna hata kimoja kitakachojishona."