Jina la Khisa

Rafiki yangu Wekoye ni mtu wa kucheka hata matangani. Mwaka wa 2006 alienda Kitale kuchukua pleisteshoni, mashine ya michezo ya runinga, ya marehemu kakake, Khisa, akaja kuichezea kwake Kanduyi. Mchezo ulitaka jina la shujaa mwenye mavazi ya chuma. Akaandika Khisa.

"Si hilo jina tumemwekea mtoto, bana!" akafoka mkewe Sellah, mjamzito wa miezi minane.

"Mwache shujaa alipashe moto kwanza, atamrudishia!"

Shujaa akashuka ngazi za ngome, viatu vya chuma vikigonga mawe: kang'! kang'! Mara ngurumo, stima ikapotea, giza likameza alasiri ile ya mvua. Runinga ikanyamaza. Vishindo havikunyamaza.

"Wekoye," Sellah akanong'ona, "hebu weka sikio hapa."

Akainamia tumbo. Humo ndani, viatu vya chuma vilikuwa vingali vinashuka ngazi.