Fomu ya Rozalia

Jioni moja Crispin alirudi kutoka shamba lake la mahindi huko Kilolo. Alimkuta binti yake, Rozalia, amekaa mlangoni. Magongo yake mawili yalikuwa chini.

"Rozalia! Chuo kimefungwa?"

"Hapana, baba. Nimechoka. Sirudi tena."

Rozalia aliugua polio akiwa mdogo. Miguu yake haina nguvu. Hata hivyo alisoma kwa bidii, akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu Iringa. Kijiji kizima kilifurahi. Sasa, baada ya wiki tatu tu, yuko nyumbani.

"Darasa letu liko ghorofani," alisema. "Wenzangu wananibeba mgongoni, kupanda na kushuka. Nao wanachoka. Siku nyingine nashinda bila kunywa maji, nisiwasumbue kunipeleka chooni."

Crispin aliyaokota magongo, akayaegemeza ukutani.

Asubuhi alikwenda kwa Yotamu, mwalimu wake wa kisomo cha watu wazima.

"Kamwene, mwalimu," alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, baba Rozalia. Mbona umenuna hivyo?"

Crispin alieleza yote. Yotamu akauliza, "Chuoni walijua habari za miguu yake?"

Crispin aliinamisha kichwa. "Fomu ya kujiunga na chuo nilijaza mimi. Waliuliza, ana ulemavu gani? Nikaandika: Hana. Niliogopa watamkataa."

"Ala! Mficha uchi hazai, mzee wangu. Watamsaidiaje kwa jambo wasilolijua? Ulemavu si aibu. Rozalia aandike barua kwa mkuu wa chuo. Asiseme 'nisaidieni' tu. Ataje anachohitaji: darasa la chini, kitanda karibu na choo, na mti wa kushikia chooni."

"Wakikataa?"

"Tutaandika tena. Kusoma ni haki yake, sawa na wenzake."

Rozalia aliandika, ingawa hakuwa na matumaini. Crispin aliipeleka barua mwenyewe. Mkuu wa chuo aliisoma mara mbili.

"Mzee, magongo tuliyaona, ila mahitaji yake hatukuyajua. Ungetuambia mapema, haya tungeyafanya siku ya kwanza," alisema. Hakutabasamu.

Wiki hiyo darasa la Rozalia lilihamishiwa chini. Akapewa kitanda karibu na choo. Fundi naye akapigilia mti wa kushikia. Rozalia akarudi chuoni.

Mwezi uliofuata, Crispin alipata barua fupi:

"Baba, tangu nirudi sijabebwa na mtu. Jioni bado nachoka. Lakini sasa nachoka kwa kusoma."