Kumwitikia Asiyekuwepo

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kuosha kikombe. Crispus alikiosha, akakifuta, akarudi kwenye kompyuta kutazama kikao cha baraza la San Roque del Palmar, mji mdogo wa wafugaji huko Bolivia, ambao alikuwa akiufanyia utafiti wa serikali za mitaa. Ajenda ilikuwa pampu ya maji. Kabla ya mabishano kuanza, katibu aliita majina ya madiwani, na alipofika kwa diwani aliyefariki majuzi, ukumbi mzima ulimwitikia kwa niaba yake: "Presente." Yupo.

Crispus, ambaye mkewe alizikwa kabla ya theluji kuanza, aliiona desturi hiyo kuwa nzuri. Akatamka taratibu jina la mkewe katika nyumba yao ya ghorofani huko ughaibuni, Crescent Town: "Bosibori Ondieki." Akajiitikia: "Yupo."

"Abee," sauti ikajibu kutoka jikoni.

Kwao Kisii, mtoto hufundishwa mapema asimwitikie asiyemwona. Kumwitikia asiyekuwepo kwa niaba yake, hilo hakuna aliyewaza kulikataza.

Jikoni hamkuwa na mtu. Mlikuwa na harufu ya dawa ya mikono, ile ambayo Bosibori alikuwa akirudi nayo kutoka kazini wodini, na chini yake harufu ya udongo mbichi. Crispus akachukua koti. Mnyororo wa mlango ulikuwa umepachikwa, ingawa yeye hakuupachika. Bosibori ndiye aliyekuwa akiupachika kila mumewe alipokwenda kazini.

"Unaniacha na nani, Baba Moraa?"

Akavua koti. Siku zilizofuata alilivaa na kulivua vivyo hivyo, na simu ikaita bila kupokewa.

Mama Candide, jirani yake Mkongo, alipokuja kumjulia hali, Crispus alimsimulia kupitia upenyo ulioachwa na mnyororo.

"Papa Crispus, hiyo si bibi yako," alinong'ona. "Uliitikia jina ya mutu mwenye hayuko. Kitu kingine njo kilisikia, kikaitika. Sema tu: hayupo."

"Neno hilo sijalisema hata kaburini."

"Basi kitakaa. Na kitaanza kuitikia wengine."

Jioni hiyo alijaribu kulisema, na kila alipofungua mdomo ndara za mkewe ziliburuzika sakafuni kuja upande wake, zikasimama nyuma ya kiti, na pumzi baridi yenye udongo ikamgusa sikio ikimwambia amechoka, nje kuna theluji, huko hakuna amjuaye, alale, alale tu, hadi akajikuta akitikisa kichwa kukubali, kama mtoto anayebembelezwa.

Asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Moraa, binti yao, ametoka Etobicoke, upande wa pili wa jiji, kwa wasiwasi wa simu zisizopokewa.

"Baba? Uko?"

"Karibu, mwanangu," sauti ikajibu kutoka jikoni. Mnyororo ukachomoka wenyewe.

Nje Moraa akauliza, kwa sauti ndogo: "Mama?" Kitasa kikaanza kuzunguka.

Crispus akauegemea mlango kwa bega. "Usiingie. Mama hayupo." Akarudia. "Bosibori alikufa, Moraa. Hayupo."

Ndara, zilizokuwa zimeshafika sebuleni, zikasimama. Crispus akatoka na soksi tu miguuni, akauvuta mlango nyuma yake.

"Baba, nimemsikia."

"Najua."

Walikuwa wakingoja lifti waliposikia, ndani ya nyumba, mnyororo ukipachikwa taratibu, kama ulivyopachikwa miaka yote baba huyo alipotoka kwenda kazini. Crispus akamshika binti yake mkono, wakashuka kwa ngazi.