Aliyeingia Bila Kutoka

Ilianza kwa mashine kuzubaa. Ikifika adhuhuri tu, kumbukumbu ya kompyuta ya jengo inajaa pomoni, milango ya kadi inagoma, na watu wanagonga vioo wakimlaani Fundi. Bosi alishamwambia: "Mwisho Ijumaa. La sivyo natafuta mwingine."

Fundi alibaki peke yake chumba cha mitambo tangu Mzee, mwenzake wa miaka tisa, alipofariki. Jamani, upweke wa chumba kile! Siku nzima anaongea na feni.

Programu ya milango aliiandika Mzee mwenyewe: kila anayeingia, mashine hulishika jina lake mpaka atoke, ndipo hulisahau. Fundi akapekua rekodi mstari kwa mstari. Kadi moja ilikuwa imeingia chumbani humo mara laki nne tangu asubuhi, na haijatoka hata mara moja. Kadi ya Mzee! Nayo ilikuwa kwenye droo ya Fundi, imejaa vumbi.

Mlango ukalia, tii. Hakuna mtu. Harufu ya dawa ya kuchua aliyojipaka Mzee ikatanda.

Akampigia shangazi yake, akinong'ona.

"Huyo si Mzee, mwanangu. Jini huvaa sura ya umpendaye. Mfukuze, lakini usimsindikize hata hatua moja. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Kusikia si kutii. Alipoigusisha kadi ya Mzee kwenye mlango wa kutokea, alikumbuka kwamba mazikoni alichelewa, kwamba hakumuaga, na kwamba mtu wa miaka tisa hafukuzwi kama kuku, basi akagusisha na kadi yake mwenyewe, akavuka kizingiti hatua moja tu, akasema, "Haya, Mzee wangu, kwaheri." Vidole vya baridi vikamshika kiganja, vikaachia. Akarudi ndani mbio kabla mlango haujajifunga, bila kugusisha kadi tena.

Mashine ikapumua. Kumbukumbu ikashuka, milango yote ikafunguka. Kazi imepona! Fundi akalia kwa furaha, na kwa kumkosa Mzee.

Simu ikaita. Mlinzi wa getini.

"Dada Fundi, ndiyo unapita bila hata salamu? Na huyo mzee uliyemshika mkono ni nani?"

"Mimi niko ndani!"

"Haloo? Mbona husemi?"

Fundi akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kwenye skrini, orodha ya waliomo chumba cha mitambo: hakuna mtu.

"Aa, nakuona unanipungia," mlinzi akacheka. "Haya dada, safari njema."