Magugu ya Profesa

Kwanza paka alifungua mdomo sebuleni, mlio haukutoka. Profesa akacheka. Profesa gani! Kinyozi tu, na wembe wenyewe unamshinda, ila majivuno yake yangejaza uwanja wa mpira na mengine yakabaki nje yakigombania tiketi.

Huyu bwana alifuga magugu ndani ya tangi la samaki. Magugu yenyewe ya majini, hayana mizizi, yamejaa vifuko vidogo kama mayai ya chawa. Mdudu wa maji akigusa kifuko, anafyonzwa, pwi! Kwisha habari. Aliambiwa ayape maji ya mvua, maana ya bomba yana dawa, yanayaua. Mvua ikachelewa. Kusubiri hawezi, jitu zima! Akavunja zege lililoziba kisima cha zamani nyuma ya nyumba, kisima ambacho hata mbu walikikwepa, akachota, akamimina.

Mkewe alikuwa mwimbaji wa harusini, na sauti yake ndiyo iliyolisha nyumba. Akanong'ona, "Mume wangu, vifuko mbona vimekuwa kama ndimu? Na hiyo harufu ya damu?"

"Mbolea hiyo. Wewe sayansi umeijulia wapi?"

"Paka kanyamaza. Redio imenyamaza. Mwaga hayo maji, nakuomba."

"Woga tu! Hebu yaimbie, tuone kama yatakula!"

Mkewe akaimba kwa hasira, mchana kweupe, na neno la kwanza likatoka, la pili likatoka nusu, la tatu likabaki kuonekana midomoni tu, huku maji yakichemka bila moto na vifuko vikifunguka, pwi, pwi, pwi, na harufu ikipanda mpaka dari likatoa jasho, na yule mama akajishika koo, akilia kilio ambacho hata yeye hakukisikia.

Bibi mganga alipoitwa, alisimama mlangoni, hakuingia.

"Jini la kisimani hilo. Halitemi bure, linataka sauti kubwa zaidi. Nani humu anapiga domo kuliko wote?"

Profesa akaanza kutafuta viatu. Mkewe akamkamata shati, akamwonyesha tangi kwa kidole.

"Bibi, mimi ni mtu wa—"

Pwi!

Leo mama anaimba, vioo vinatetemeka. Kinyozi ananyoa kimya, na wateja, nakuapia, wanapigana kupata kiti. Maji yalirudishwa kisimani, zege likamwagwa upya. Ila ukipita hapo karibu, chini kuna mtu anajisifu bila kupumua, kisha analainisha sauti: "Fungua kidogo tu, ndugu yangu. Au unaogopa?"