Biro Nyekundu ya Mwalimu Nelius

Jumatatu ile Wanjira aliporudi kutoka kituo cha majani chai, kikapu kitupu mgongoni na matope hadi magotini, alikuta mtu amesahihisha daftari lake.

Lilikuwa mezani pale pale alipoliacha asubuhi, na ndani yake ukurasa mmoja tu. Alikuwa ameanza kuandika historia ya marehemu mama yake, Mwalimu Nelius, isomwe kanisani Jumamosi katika ibada ya kutimiza mwaka. Kando ya kila aya palikuwa na tiki ya biro nyekundu. Chini, kwa mwandiko mkubwa ulioinamia kushoto, paliandikwa: Vizuri sana. Endelea.

Nyumba ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Ndani kulinuka chaki.

Mtu mwingine angepiga ukemi akimbilie kwa jirani. Lakini Wanjira alikuwa amechoka, jamani. Miaka mitatu alimuuguza mama yule baada ya kupooza upande mmoja: kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko, kufua mashuka kwa maji baridi ya hapa kijijini Kibugu yanayouma hadi kwenye mfupa. Dada yake Regina aliolewa mbali, Kiirua, na mchango wake ulikuwa sukari na salamu. Uchovu wa namna hiyo hauzikwi pamoja na mgonjwa. Basi Wanjira alilitazama daftari, akasema, "Haya, asante," akaenda kuosha miguu.

Tena nikwambie jambo moja. Mwalimu Nelius aliwapenda watoto wake kufa, ila sifa hazikumtoka mdomoni. Nyumbani mwake ilikuwa sheria: kazi ya shule huachwa mezani jioni, na asubuhi utaikuta imesahihishwa, wala kosa halikupita. Wanjira alikuwa na miaka arobaini na miwili na hakuwahi kuandikiwa "vizuri sana" na mama yake. Neno lile lilimkaa kifuani siku nzima.

Jumanne akaandika habari za ugonjwa: beseni, vidonda vya mgongo, kukesha. Akaliacha daftari mezani, akaenda kuchuna chai. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, ule wa mvua zisizokatika, na aliporudi mchana ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Tiki zilijaa ukurasa. Vizuri sana, mwanangu. Zaidi.

Na ajabu, mgongo wake ulikuwa mwepesi, kama ametua kikapu. Alijaribu kuikumbuka ile miaka mitatu, akaona weupe mtupu. Akajinyoosha kitandani mchana huohuo, akalala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu mama apooze. Nani angeukataa usingizi ule? Jumatano akaandika kurasa sita.

Alhamisi Regina alifika na gunia la viazi vya Kiirua kwa ajili ya wageni. Wakaketi jikoni kumenya.

"Usisahau kuandika ile ya surua," Regina alisema. "Siku mama alipombeba mtoto mgongoni mpaka hospitali Embu, mto umefurika."

"Alimbeba nani?"

"Alikubeba wewe!"

Wanjira alicheka akidhani ni utani. Regina hakucheka.

"Wanjira wee. Hadithi hiyo huisimulia wewe mwenyewe kila Krismasi. Unaumwa?"

Wanjira alilivuta daftari. Ukurasa wa nne habari ilikuwapo, kwa mkono wake mwenyewe, na tiki mbili. Akaisoma kama barua ya watu wengine, akafunga macho aitafute sauti ya mama akimwimbia njiani, autafute ule mgongo, ile leso, yale maji ya mto, akakuta hakuna, akatafuta siku yake ya kwanza shuleni, hakuna, akatafuta mama alichomwambia alipofeli mtihani, alipofaulu, alipozika mchumba wake, na kila alipofungua palikuwa peupe, peupe, peupe, na harufu ya chaki ikawa nzito jikoni mpaka Regina naye akaacha kumenya na kugeuka nyuma kutazama.

Walikwenda mbio kwa Mwalimu Kivuti, mzee wa kanisa aliyefundisha pamoja na mama yao miaka ishirini na sita. Mzee alisikiliza yote. Kisha akashusha sauti, ingawa walikuwa watatu tu.

"Mwandiko umeinamia kushoto?"

"Eeh, Mwalimu."

"Basi huyo si mama yenu." Akavua miwani. "Shule yetu ilijengwa palipokatwa kile kichaka cha wazee, kisichoguswa. Wazee walituonya kwamba mwenye kichaka amekosa nyumba. Tukawacheka, si tulikuwa wasomi? Ni jini, watu wa pwani wangesema. Basi darasani mwa mama yenu palikuwa na dawati la nyuma, mtoto akilikalia anaugua. Likaachwa wazi. Na mimi nikipita dirishani, nimemsikia Nelius si mara moja akigomba: 'Wewe wa huko nyuma! Saba mara nane bado hujaijua?' Natazama, dawati tupu, na juu yake herufi za chaki zimeinamia kushoto."

"Kwani alikiona hicho kitu?" Regina alinong'ona.

"Alikifundisha! Mama yenu angemwona asiyejua kusoma akamwacha? Hawezi. Hata kama ni jini." Mzee alitikisa kichwa. "Nacho kikampenda. Sasa kinamkusanya kipande kwa kipande, awe wake peke yake. Kila mtu anachoandika kumhusu, hukimeza. Choma hilo daftari, Wanjira. Usiandike tena habari zake popote. Na ukiwa na shaka, kipe ile hesabu."

Wanjira alirudi nyumbani akaandika: 7 × 8 = 54. Akafunga mlango, akasimama nje na dada yake chini ya matone ya bati, mchana mweupe, ukungu umeyameza majani chai yote. Kwanza palikuwa kimya, kisha wakasikia biro ikikwaruza karatasi polepole, ikisimama, ikiendelea, na juu yake pumzi nzito za anayejifunza kuandika, pumzi zenye harufu ya chaki na ya majani yaliyooza msituni, zikikaribia mlango, zikakaa pale upande wa pili wa ubao, zikingoja kama mwanafunzi anayengoja kuambiwa aingie. Halafu zikaisha.

Waliingia. Tiki. Vizuri sana, mwanangu.

"Mama angepiga eksi mpaka karatasi itoboke," Regina alisema, akaangua kilio.

Wanjira hakulia, ila aliumia. Sifa pekee aliyowahi kupata, kumbe haikutoka kwa mama. Akalitia daftari motoni, pamoja na biro zote nyekundu zilizobaki ndani ya nyumba. Kumbukumbu moja tu hakuwa ameiandika. Aliishika usiku na mchana kama mtu anayevuka na kaa la moto kiganjani.

Ni ipi? Sijaambiwa, na ningeambiwa nisingeiandika.

Jumamosi kanisa lilijaa, mvua ikipiga bati. Regina alisimulia maisha ya mama kwa mdomo, bila karatasi, watu wakalia vizuri. Wanjira aliketi mbele, amechoka, macho yakijifumba. Hakuona kilichokuwa mlangoni. Huku kwetu kuna ibada gani isiyo na kitabu cha wageni? Kilikuwa mezani, kipya, na foleni ndefu ya wanaoandika habari za marehemu. Alinifundisha darasa la tatu. Alinitoa funza miguuni kwa pini. Alinivika sweta yake. Regina alikuwa wa kwanza kuandika, ndiye aliyekinunua, akidhani balaa liliungua na daftari. Hata Mwalimu Kivuti, yeye aliyekataza, aliposhikishwa biro mkono ulikwenda wenyewe. Tangu lini mwalimu akapita kitabu bila kuandika? Akajaza nusu ukurasa. Jioni Regina akakiweka mezani kwa Wanjira, akashika njia ya Kiirua.

Jumapili, baada ya ibada, Wanjira alimshika mzee mkono.

"Asante kwa ya jana, Mwalimu. Mama angefurahi."

Kivuti alitabasamu kwa adabu. "Ni vizuri, mwanangu. Mama yako ni nani?"

Wanjira akamgeukia mama mmoja wa kanisa, kisha mwingine. Wote walikumbuka chakula kilikuwa kingi. Ila cha nani, hapo ndipo waliposhindwa.

Alipofika nyumbani alikuta kitabu kimefunguliwa. Tiki kila mstari, mpaka ukurasa wa mwisho: Moja imebaki. Iandike, mwanangu. Utapumzika. Kando yake palikuwa na biro nyekundu, kifuniko kimetolewa.

Na alitaka, nisikudanganye. Kupumzika alikutaka kuliko chakula. Akaibana mikono yake kwapani, akaketi hivyo mpaka giza likaingia.

Yupo mpaka leo, hajaandika hata neno. Mbolea ikiletwa kituoni, wenzake hutia sahihi, yeye hutoa kidole gumba. Karani humsogezea wino, na walio nyuma kwenye foleni humwonea huruma.

"Maskini," husema. "Pengine mama yake hakumpeleka shule."